Tulivyoushukuru Ukuta wa Bwawa

Mzee wangu Anaeli,

Kwa heshima zote, na baada ya kushauriana na wahusika, ninakutangazia rasmi kwamba kofia yako ngumu ya kazini, ile ya njano, imepata mpangaji. Ni kuku wa Mama Nsia, yule mweusi asiye na mkia. Aliikuta imepinduka nyuma ya banda la mbuzi, akaizunguka siku mbili kama mtu anayekagua kiwanja, akaingia, na sasa ana vifaranga saba. Sherehe ya makabidhiano haikufanyika. Kama una pingamizi, lilete kwa maandishi.

Shikamoo. Sijui marahaba ya huko inarudi kwa njia gani, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu haingoji jibu, inatangulia tu.

Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu tukulaze pale nyumbani kwako, kando ya migomba. Nimechelewa kuandika. Nilikuwa nangoja niwe na habari njema, halafu nikaona nitakufuata huko kabla haijafika. Basi pokea hizi zilizopo.

Shamba limepata mwenyewe. Lile shirika tulilolitumikia limeuzwa, na ile kahawa uliyoikuta imepandwa na mzungu, ukaiacha mikononi mwa serikali, imeng'olewa yote. Sasa ni waridi. Linalala ndani ya nyumba ya nailoni, linaoga mara mbili kwa siku, na linapanda ndege kabla halijachanua. Mimi nina miaka yangu yote hii na ndege naiona kwa chini. Tulipunguzwa kazini thelathini na kitu kwa mkupuo mmoja. Barua yangu ilinishukuru mara tatu katika ukurasa mmoja. Ningekuwa na akili, ningejua tangu siku ile kwamba shukrani ni kitu cha kuogopa.

Siku hizi natengeneza redio sokoni Tengeru, kwenye kibaraza cha mama mmoja muuza mitumba. Wateja ni wachache kwa sababu redio mpya zimejaa, soko ni huria, na redio ya siku hizi ikifa inazikwa, haitibiwi. Nashinda nasikiliza watu. Unajua hiyo ndiyo shule niliyosoma mpaka juu.

Mtambo wetu wa umeme wa maji unazunguka bado. Umeme wake unapoza chumba cha maua. Na ukuta wa bwawa upo pale pale, juu ya nyumba zetu saba, na nyumba ya kwanza chini yake ni yako.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponipandisha ukutani. Nilikuwa nimeajiriwa wiki moja, najiona fundi kwa sababu nilikuwa na bisibisi yangu mwenyewe. Ukanionyesha ule ufa uliotoka juu upande wa kushoto ukashuka kama mzizi. Nikauliza una muda gani. Ulitoa mfukoni kipande cha kioo cha dirisha, chembamba kama kidole, ukakiweka juu ya ufa kama daraja, ukakibana kwa saruji kidogo upande huu na upande ule. Ukasema, "Ukuta hausemi. Kioo ndicho kitakachosema." Baada ya mvua za masika tukakuta kimekatika katikati. Ukatoa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ukaandika tarehe, ukapima uwazi kwa rula ya mwanao, ukabandika kioo kingine. Hukuonekana umeogopa. Ulionekana kama daktari aliyezoea mgonjwa wake.

Tulifanya hivyo miaka kumi na tisa. Wakubwa wa shirika uliwaambia, wakakuambia bajeti ijayo. Bajeti ijayo ilipokuja ikawa na mwenzake anayeitwa bajeti ijayo.

Halafu siku ile umenunua sukari pale Maji ya Chai, ukafungiwa kwa kipande cha gazeti ukakisoma huku unatembea, mpaka ukaingia mtaroni. Kilisema kwamba sheria mpya inataka, kabla leseni ya mtambo wa namna hii haijahuishwa, wananchi wanaoishi jirani waulizwe maoni yao. Leseni ya kwanza ilitolewa na mkoloni, ikahuishwa na shirika, na mara zote mbili hakuna aliyegonga mlango wa mtu. Ulikikunja kile kipande ukakitia ndani ya daftari, na sukari yenyewe ilikuwa imemwagika nusu. Tangu hapo, kila nilipokasirika, uliniambia neno moja: "Eliamani, siku leseni ikiisha watakuja wenyewe kutuuliza. Kazi yetu ni kuwa na jibu."

Ulikuwa sahihi, Mzee. Walikuja. Uliwakosa kwa miezi minne.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Nililisoma mara mbili, halafu nikaenda moja kwa moja nyumbani kwako, kwa Mama Nsia. Alikuwa anakoroga loshoro, mkono mzima una maziwa mgando na mahindi. Nilipomwambia, alinawa, akaingia ndani, akatoka na daftari lako limefungwa kwenye kanga ile ya msiba. Alinikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto wa ubatizo.

Tukakutana kwa Mzee Ndekirwa, mshili wetu, maana wewe unajua jambo la ukoo halitoki nje bila kupita kwake. Kila nyumba ilileta mtu. Ombi letu lilikuwa dogo: maji ya bwawa yapunguzwe mpaka nusu, ukuta ujengwe upya, ndipo leseni itolewe. Hakuna aliyesema mtambo ufungwe. Nikawasomea daftari, vioo vyote, masika kwa masika. Wazee walitikisa vichwa. Wengine hawakujua kwamba wamelala chini ya kitu kinachohesabiwa.

Mzee Ndekirwa akatoa utaratibu. Kila msemaji aanze kwa kushukuru. Alisema mtu akiingia boma la mwenzake akaanza na lawama, hata mbwa humshangaa. Sote tukakubali. Mimi nilikubali kabla ya wengine. Nilikaa nikajisifu moyoni kwamba sisi si kama watu wa mahali pengine wanaokwenda kwa wakubwa wamebeba mawe.

Siku yenyewe ilikuwa uwanja wa shule. Turubai, viti vya plastiki, soda, na harufu ya pilau nyuma ya darasa la nne. Wageni walikuwa watatu. Mkuu wao, mwanaume mnene mwenye tabia njema, alicheka kila mtu alipocheka. Mhandisi alikagua ukuta asubuhi akiwa ndani ya gari, kwa sababu ya tope. Na binti wa kuandika, mtu wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza kama kimepakwa siagi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kalamu.

Mkuu akasema kikao kitaendeshwa kwa Kiswahili, lugha yetu ya taifa, ili kila mtu aelewe. Tukapiga makofi.

Akasimama Mzee Ndekirwa. Mzee, ungemwona. Koti la kanisani, fimbo, na sauti ile. Akaishukuru serikali, akaishukuru ofisi inayotoa leseni, akaushukuru mtambo kwa miaka yote uliyozunguka, akamshukuru mwekezaji kwa soda. Kiswahili safi, polepole, na kalamu ya binti ikienda naye bega kwa bega. Kisha akasema, "Sasa naingia kwenye jambo lenyewe." Na akaingia kwa Kimeru.

Wewe ungeshangaa? Hapana. Mimi pia sikushangaa. Kwetu Kiswahili ni cha ofisini, cha shuleni na cha kukaribishia mgeni. Jambo linalouma lina lugha yake. Alizungumza nusu saa. Alisema mambo ya ukuta ule ambayo hata mimi sikuyajua: nani aliuchimbia msingi, nani alikufa kwenye kuuchimba, na jinsi yule mzungu alivyoambiwa na wazee kwamba pale chini pana chemchemi, akacheka. Watu waliguna. Mama mmoja alilia. Nami niliitazama ile kalamu, nikaiona imelala juu ya karatasi, na binti amekunja mikono, anamtazama mzee usoni. Nikasema moyoni, huyu mtoto amelelewa, anamsikiliza mzee kwa macho.

Ndivyo nilivyosema. Niliiona kalamu imelala, Mzee, nikaisifia adabu yake.

Na hakuna aliyetafsiri, kwa sababu nani amtafsirie nani? Uwanja mzima ulielewa. Wasioelewa walikuwa watatu tu, na ndio waliokuwa wametuita.

Wakafuata wengine. Shukrani kwa Kiswahili, jambo kwa Kimeru. Shukrani, jambo. Kalamu inaamka, inalala. Mama Nsia aliposimama alishukuru kwa mbao za jeneza lako, zile shirika lilizotoa kabla halijafa lenyewe. Akavuta pumzi. Kisha akasema kwa lugha yake kwamba mume wake alilala miaka yote akiwa na sikio moja wazi upande wa ukuta, na kwamba sasa sikio hilo analo yeye. Alisema haogopi kufa, anaogopa watu waje kusema hakuambiwa kama ukuta ni mbovu. Nilitazama chini. Mhandisi naye alitazama chini, lakini yeye alikuwa amesinzia.

Zamu yangu ilifika. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoandikia barua hii.

Mimi si Mzee Ndekirwa. Mimi nina sanduku la vitabu chini ya kitanda. Nimesoma magazeti ya kufungia nyama na ya kufungia sukari. Natengeneza redio za watu wanaosikiliza taarifa ya habari, naisikiliza kabla yao. Kama kuna mtu katika nyumba zile saba aliyeweza kusimama akaeleza ufa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, ni mimi. Nilishukuru kwa sentensi mbili tu, makusudi. Nikafungua daftari. Nikaanza vizuri: mwaka fulani, kioo cha kwanza. Nikafika pale ulipoandika ile masika maji yalipoanza kutokea chini ya ukuta, siyo kupitia ufa tena, chini, yakiwa na udongo. Ulinieleza siku ile kwa nini maji masafi hayatishi na maji yenye udongo yanatisha. Ulinieleza umechuchumaa, umechota kwenye kiganja, unanionyesha.

Na ulinieleza kwa Kimeru. Kila kitu ulichonifundisha kuhusu ukuta ule, ulinifundisha kwa Kimeru. Nilipofika kwenye lile tope la kiganjani, ulimi ulikwenda kwako. Sikujua. Nakuapia sikujua. Nilijisikia nasema vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilisema kwa sauti yako, hata mkono niliukunja kama wako. Nilipokaa, Mzee Ndekirwa alinigusa goti, akasema, "Leo Anaeli amesema." Nikafurahi. Nilikaa pale nimefurahi mpaka pilau ikapakuliwa.

Daftari nililipeleka mwenyewe mezani. Binti alilipokea kwa heshima, akalifungua, akaona mwandiko wako na lugha yako. Akaniuliza kama ni kiambatanisho. Nikasema ndiyo. Ndipo nilipoliona daftari lake yeye. Chini ya jina langu palikuwa na mistari minne, na ule wa mwisho ulisema nilitaja kioo cha kwanza.

Nikamwambia, mwanangu, mbona mengine hukuandika? Hakuwa na kiburi, Mzee, ningependa awe na kiburi. Alisema kwa upole, "Baba yangu, mimi naandika kinachosemwa kwa lugha ya kikao. Nilidhani yale ni maombi yenu ya kimila." Nikamwomba niseme tena. Akaniambia kila mtu ni mara moja, na mkuu ameshafunga. Kweli alikuwa ameshafunga, alikuwa na paja la kuku mkononi. Unajua nilimjibu nini yule binti? Nilimwambia asante.

Muhtasari ulikuja baada ya miezi mitatu, umepigwa chapa, kurasa tano. Mwenyekiti wa kijiji alinipa nikausome kwa Mama Nsia. Nilimkuta anafunga majani ya mbuzi, nikamsomea pale pale amesimama. Mzee wa ukoo aliishukuru serikali na kuusifu mtambo. Mzee mwingine alishukuru kwa barabara. Mama fulani alishukuru. Mjane wa mfanyakazi wa zamani alishukuru kwa mbao za jeneza. Fundi wa redio alishukuru na akataja kioo. Kisha mwisho, kwamba wananchi wote waliozungumza waliupokea mtambo kwa moyo wa shukrani, hakuna aliyepinga wala kutoa sharti, na baadhi walihitimisha kwa maombi.

Mama Nsia aliniomba nirudie pale pa mbao. Nikarudia. Akasema, "Hawajadanganya." Akaendelea kufunga majani.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilitafuta uongo kwenye kurasa zile tano ili nipate pa kushika, nikakosa. Kila neno tulilisema. Nilipompelekea Mzee Ndekirwa, alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni aibu kudai mtu amekudhulumu kwa maneno ya kinywa chako. Tangu siku hiyo hasemi Kiswahili. Akija bwana shamba, mzee anamwitikia kwa Kimeru, na bwana shamba anadhani anabarikiwa.

Nilikwenda mjini. Nilivaa suruali yako, ile ya kijivu Mama Nsia aliyonipa, ili niwe na mtu wa kwenda naye. Ofisi niliyotumwa ilinituma nyingine, ile nyingine ikanirudisha ya kwanza, na kwa kuwa zote ziko juu ya kilima kimoja nikawa nawasalimia walinzi wale wale mara nne. Mwisho nikampata karani mmoja mwelewa. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, kuanzia ukuta, bila shukrani. Nilieleza vizuri, Mzee. Maji yenye udongo, kioo, yote. Alisikiliza, akaandika hata jina lake la utani kwenye kikaratasi ili nikirudi nimtafute. Kisha akaniambia muda wa maoni umefungwa na leseni imeshasainiwa. Nikamwomba basi angalau anirudishie daftari. Akaenda kulitafuta. Akarudi akasema lipo, ni kiambatanisho namba tatu, limeshakuwa mali ya jalada na haliwezi kutoka. Aliniruhusu nilishike. Nililishika juu ya meza yake, nikakuta ndani kile kipande cha gazeti, bado kina chembe za sukari kwenye mkunjo. Sikukitoa. Sasa najuta.

Ukuta umepigwa plasta. Mwekezaji ni mtu msafi. Umepakwa na chokaa juu, mweupe, unaonekana tangu barabarani, na wageni wanaopita kwenda mlimani wanaupiga picha. Vioo vyetu viko ndani humo, chini ya plasta, sijui vizima sijui vimekatika. Maji ya chini bado yanatoka. Masika iliyopita nilichuchumaa nikachota. Unajua nilichokiona, sina haja ya kukuandikia.

Nyumba mbili zimehama, wamekwenda kwa ndugu zao upande wa Makumira. Mimi nilimwambia Mama Nsia ahamie kwa shemeji yangu, ni juu kidogo. Akaniuliza nani atabaki na wewe. Nikamwambia marehemu haogopi maji. Akanicheka, akasema ningemjua Anaeli nisingesema hivyo, Anaeli hata kuoga alikuwa anaoga kwa masharti. Kwa hiyo yupo. Na kwa kuwa yupo, nami nipo. Mke wangu amechoka kuniuliza lini tunahama.

Wakati mwingine namkasirikia yule binti, halafu nakumbuka uso wake. Wakati mwingine nakukasirikia wewe. Kwa nini hukunifundisha ukuta ule kwa Kiswahili? Ulikuwa unakijua. Ulikisema vizuri sana, kila ulipokuwa unawaomba radhi wakubwa.

Samahani. Futa hiyo. Siwezi kuifuta mimi, nimeandika kwa peni.

Naondoka, Mzee wangu. Nitaikunja barua hii niiweke chini ya lile jiwe la kichwani kwako, na mvua ikiisoma kabla yako, mtagawana. Mama Nsia anakusalimu. Mzee Ndekirwa naye, kwa Kimeru. Lala, na ulale masikio yote mawili. Hili jingine tumelichukua.

Nami nakuahidi jambo moja. Nimeanza kuyaandika maneno yote ya ukuta kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, na nayakariri kila asubuhi nikienda sokoni. Watakapokuja tena kutuuliza, sitashukuru hata kwa soda. Nitaanza na tope la kiganjani, na nitamaliza nalo, na kalamu haitalala.

Leseni mpya ni ya miaka thelathini. Mimi nina hamsini na nane.